Thamani ya Mchimba Vyoo

Inosenti Amsi alichimba vyoo vya nusu ya Karatu. Alichimba vya parokia, vya shule ya msingi, vya gesti mbili za barabara ya kwenda getini Ngorongoro, na kile cha ofisi ya kata ambacho mtendaji hukifunga kwa kufuli kama benki. Kwa miaka ishirini na mitano aliingia ardhini asubuhi na sururu yake na kutoka jioni akiwa na rangi ya ardhi, na watu wakamsalimia kwa heshima, ila kwa mbali kidogo.

Alifia kwenye karo la majitaka la lodge moja iliyo juu ya mashamba ya kahawa, lodge yenye jina refu la Kizungu ambalo wafanyakazi wake husema maana yake ni utulivu. Karo lilikuwa limefika futi kumi na nane. Inosenti alikuwa amesimika miti kulizunguka na kufunga kamba nyekundu, ili gari lolote lisisogee. Siku hiyo wageni walikuwa wanakuja, na bwawa la kuogelea lilikuwa halina maji ya kutosha. Meneja akaamuru miti ing'olewe ili boza la maji lipite njia ya mkato. Boza likapita. Ukuta mmoja wa shimo ukaporomoka na Inosenti yumo ndani. Walimfukua saa tisa alasiri. Saa kumi wageni walikuwa wanaogelea.

Habari zilimkuta mkewe, Marsela, akipalilia maharage ya ngwara shambani kwake Rhotia. Aliyetumwa kumwambia alikuwa jirani mmoja asiyejua pa kuanzia, basi akaanzia mwisho. Marsela alisimama na jembe lake, akauliza swali moja tu.

"Alikuwa amevaa lile shati la bluu?"

"Ndiyo, mama."

"Nilimkataza kuchimbia shati la kanisani," alisema, kisha akaketi chini juu ya ngwara alizokuwa akizipalilia, na hakuinuka mpaka wanawake wawili walipokuja kumwinua.

Siku ya tatu ya msiba meneja wa lodge alifika na gari lililopakia jeneza, magunia mawili ya mchele, dumu la mafuta na mbuzi dume. Alitoa pole kwa sauti nzuri, ile ambayo hutumika kuwakaribisha wageni na juisi ya kwanza. Kisha akatoa karatasi kutoka kwenye bahasha. Alisema ni utaratibu tu, familia iweke saini kuonyesha kwamba rambirambi imepokelewa.

Patrisi, kaka mkubwa wa marehemu, alishaishika kalamu.

"Subiri shemeji," Marsela alisema. "Niisome kwanza."

Marsela alimaliza darasa la saba miaka mingi nyuma, na husoma kwa kidole. Waombolezaji walimngoja. Katekista akakohoa. Mbuzi akakojoa. Kidole kilitambaa mstari kwa mstari, kikapita mahali palipoandikwa kwamba familia haitakuwa na dai lolote sasa wala baadaye, kikafika kwenye mstari uliosema marehemu aliingia shimoni kwa hiari yake akiwa amelewa. Hapo kikasimama.

"Amelewa?"

Meneja alisema hivyo ndivyo alivyoarifiwa.

Marsela akamgeukia katekista. "Naomba nisieleweke vibaya. Mume wangu alikuwa mlevi, na wote mlio hapa mnajua, maana wengine mlikuwa mnakunywa naye. Jumamosi alikuwa anarudi nyumbani kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Lakini siku ya kuchimba hakugusa hata togwa. Aliogopa shimo kuliko alivyoniogopa mimi, na mimi aliniogopa." Akaikunja karatasi, akaitia ndani ya khanga. "Sisaini."

Meneja alitazama gunia la mchele.

"Mchele utaliwa," Marsela alimwambia. "Watu wana njaa. Karatasi nitakaa nayo."

Patrisi alimfuata jikoni, amekasirika hadi masikio yametuna. "Unataka kuuza maiti ya ndugu yangu?"

"Wewe ulikuwa unaiuza kwa mchele," alisema Marsela. "Mimi sijauza. Nimeuliza bei tu."

Maneno hayo yalizunguka kijiji kizima kabla ya arobaini. Wengine walisema mjane huyu hana adabu, wengine wakasema hajalia vya kutosha. Yeye mwenyewe alikuwa na watoto watatu, mkubwa yuko mwaka wa kwanza chuo cha ualimu, na alijua kwamba machozi hayapokelewi dirisha la ada.

Msiba ulipoisha alishuka Karatu mjini kutafuta mwanasheria. Wa kwanza alimpata karibu na stendi, kwenye chumba cha kutolea fotokopi. Aliitwa Raymond. Alivaa suti ya kijivu na tai iliyonunuliwa ikiwa imeshafungwa, na kadi yake ilisema yeye ni mshauri wa sheria wa kimataifa. Alisikiliza kisa cha Marsela kwa dakika mbili, akapiga meza.

"Hii ni bilioni, mama. Hapa hatuchezi. Niachie cheti halisi cha kifo, tugawane nusu kwa nusu, na usaini hapa chini."

Marsela alitazama karatasi aliyosukumiwa. Ilikuwa nyeupe kutoka juu hadi chini.

"Haijaandikwa kitu."

"Nitaandika baadaye. Lugha ya sheria ni ndefu."

"Baba, juzi nimekataa kusaini karatasi iliyoandikwa. Nisaini isiyoandikwa?"

Raymond alianza kueleza kuhusu kuaminiana. Marsela alimshukuru, akatoka na cheti chake, akaenda moja kwa moja mahakamani. Hakuwa na kesi huko, lakini aliona ni afadhali aulize mahali ambapo mawakili hupita kuliko mahali ambapo mabasi hupita.

Karani alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. "Siruhusiwi kukutajia wakili," alisema. "Nikikutajia nitaonekana nina mgao. Lakini ninachoweza kukwambia ni kwamba wakili ana leseni, na leseni huhuishwa kila mwaka. Unaomba uione. Pia jina lake linapatikana kwenye mtandao wa mahakama, mwanao mwenye simu anaweza kulitafuta. Asiyekuwa na leseni anaitwa kishoka, hata akivaa suti."

"Ya kijivu?"

Karani alivua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani. "Umetoka stendi," alisema.

Ndipo Marsela alipofika kwa wakili Anifa, juu ya duka la pembejeo za kilimo, ofisi inayonuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Anifa alikuwa mtu wa Singida, bado kijana, amejifunga mtandio wa kijani, na mezani kwake kulikuwa na majalada mengi hata kikombe cha chai kikakosa pa kukaa, akawa anakishika mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Naomba nione leseni yako kabla sijakaa."

Anifa alicheka kidogo, akamwonyesha ukutani, karibu na kalenda ya kampuni ya mbolea. "Wewe ni wa kwanza kuniomba mwaka huu. Kaa, mama. Na gharama zangu nitakuandikia kwenye mkataba, zote. Nisipokuandikia, usinipe."

Marsela alisimulia. Anifa hakupiga meza wala hakutaja bilioni. Aliuliza tarehe, saa, nani alikuwepo, nani alimpima Inosenti pombe.

"Hakuna aliyempima."

"Basi huo ulevi umetoka kwenye kompyuta ya meneja." Akaandika. "Sasa nisikilize, mama, maana hii si njia fupi. Marehemu hawezi kudai. Wanaodai ni waliokuwa wanamtegemea, yaani wewe na watoto, na kama wazazi wake wapo, nao pia. Lakini lazima asimame mtu mmoja kwa niaba ya wote, msimamizi wa mirathi. Huyo anateuliwa na Mahakama ya Mwanzo, na mahakama itataka muhtasari wa kikao cha ukoo. Ukishapata hicho cheo, ndipo tunaifungulia lodge madai."

"Tutasema wamemuua?"

"Tutasema walikuwa na wajibu wa kuangalia usalama wake, hawakuangalia, na kutoangalia kwao ndiko kulikomuua. Hakuna haja ya kusema walitaka afe. Uzembe unatosha. Lakini uzembe unahitaji shahidi. Na tusichelewe, sheria ina muda wake, ukipita mlango unafungwa."

"Halafu?"

"Halafu tuthibitishe hasara. Alikuwa analeta nini nyumbani?"

Marsela alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, kicheko kibaya cha puani. "Alikuwa analeta udongo," alisema.

Kikao cha ukoo kilifanyika Jumapili baada ya ibada. Patrisi alizungumza kwanza na kwa muda mrefu. Alisema mila haimtambui mwanamke kusimamia mali ya mwanamume, kwamba yeye ndiye baba wa watoto sasa, na kwamba mazungumzo na lodge yanahitaji busara. Alizungumza vizuri. Tatizo lilikuwa kwamba siku hiyo kulikuwa na baridi ya Rhotia, na alikuwa amevaa koti zito la bluu lenye nembo ya lodge kifuani. Ilikuwa siri kwamba alipewa kazi ya ulinzi kule wiki moja baada ya mazishi. Mpaka alipovaa koti.

Shangazi yao Brigita, ambaye ana miaka themanini na hasikii anachotaka kutosikia, aliinua fimbo akaielekeza kwenye nembo.

"Patrisi, kaa chini. Koti lako limeshasema."

Wazee walimteua Marsela. Mahakama ya Mwanzo ikabandika tangazo, muda wa pingamizi ukapita bila mtu kupinga, na Marsela akapewa hati ya usimamizi yenye mhuri. Akaitandaza mezani, akaitazama jioni nzima. Alikuwa hajawahi kusimamia kitu kingine chochote kwa maandishi.

Shahidi aliyejulikana alikuwa mmoja tu, Sairowua, kijana wa Kimaasai aliyekuwa akivuta ndoo za udongo juu kwa kamba. Lodge ilimpa nauli na likizo siku ileile ya ajali, wakamshauri apumzike nyumbani kwao Arash, na tangu hapo simu yake haikupatikana. Anifa alitaka kutuma mtu. Marsela alisema ataenda mwenyewe, kwa sababu mtu akitumwa na wakili huonekana kama polisi.

Alipanda basi la Wasso kabla ya jua. Lilipita hifadhini, likazunguka ukingo wa kreta kwenye ukungu, likateremka upande wa pili kwenye vumbi. Mzungu mmoja aliyekuwa akipiga picha pundamilia kutoka kwenye gari la wazi alimpiga picha na yeye. Wasso alilala kwa mama mmoja anayeuza chakula karibu na hospitali, na asubuhi akachukua bodaboda hadi Arash.

Alimkuta Sairowua akiwatenga ndama. Alipomwona, kijana alibaki na ndama mmoja mkononi, amemshika shingo.

"Yeyo," alisema, yaani mama kwa Kimaa. "Umekuja kunikamata?"

"Nikukamate na nini? Nimekuja na khanga."

Waliketi kwenye kivuli cha ukuta wa boma. Mama yake Sairowua, Nashipai, alileta chai ya maziwa iliyonuka moshi, akaketi nao. Sairowua alisimulia kwamba meneja alimwambia polisi wakija watamfunga yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa ameshika kamba.

"Uliishika?"

"Naye alikuwa ameishika kule chini. Niliishika mpaka ikawa nyepesi."

Marsela alikunywa chai.

"Boza lilipokuja nilipiga kelele," Sairowua aliendelea. "Dereva naye alisimama. Alishuka akamwambia meneja udongo hapa ni laini. Meneja akasema pita, wageni wako getini. Miti niliambiwa niing'oe mimi. Nilikataa, wakaing'oa watu wa bustani."

"Na Inosenti alikuwa amelewa?"

Sairowua alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Asubuhi alikunywa chai na kiporo cha makande. Alikuwa anaimba kule chini."

"Alikuwa anaimba vibaya."

"Vibaya sana, yeyo. Nilikuwa namwomba anyamaze, nasema wageni watadhani kuna fisi shimoni."

Wakacheka wote wawili, Marsela akicheka na machozi yakimwendea mpaka kidevuni, na Nashipai akamwongezea chai. Ndiye aliyezungumza mwisho, kwa Kimaa, na Sairowua akatafsiri akiwa ameinamisha kichwa: "Mama anasema niende. Anasema mtu uliyemshikia kamba humwachi katikati."

Aliporudi Karatu lilibaki suala la hasara. Inosenti hakuwa na mkataba, risiti, wala akaunti. Mapato yake yalikuwa yanaingia mfuko wa kulia wa suruali, na Jumamosi mengine yalikuwa yanatokea wa kushoto. Anifa alifikiri, kisha akasema, "Kazi yake bado ipo. Twende tukaione."

Kwa siku tatu wakili na mjane walizunguka Karatu wakikagua vyoo. Anifa alibeba simu ya kupigia picha na daftari. Paroko aliwaandikia barua yenye mhuri wa parokia, isemayo inathibitishwa kwamba marehemu Inosenti Amsi alichimba vyoo vinne vya parokia katika miaka kadhaa aliyoitaja, na vyote bado vinatumika kwa amani. Mwalimu mkuu aliandika kwamba choo cha wavulana kimestahimili wavulana. Mwenye gesti aliona aibu kuandika, akauliza kama jina la gesti litasomwa mahakamani pamoja na neno choo. Anifa akamwambia likisomwa wateja watajua kuna choo. Akaandika. Katika ofisi ya kata mtendaji alitafuta ufunguo saa nzima, na walipofungua, Marsela alisimama mlangoni akalitazama lile tundu la saruji lililo sawasawa kabisa, duara kama sahani.

"Nyumbani hata rafu alikuwa hapigilii sawa," alisema.

Barua zilifika kumi na tisa. Anifa alizipanga kwa tarehe, na kutoka kwenye mpango huo ikaonekana kwamba mtu ambaye mkewe alimwita mvivu kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kukaa miezi miwili bila kuchimba. Marsela alizisoma zote kwa kidole. Alipomaliza alisema anaumwa kichwa, akaenda nyumbani.

Madai yakafunguliwa. Lodge ikajibu kwa utetezi wa kurasa sita. Kabla ya kesi kusikilizwa, wakaitwa kwenye usuluhishi mbele ya hakimu tofauti na yule wa kesi, chumba kidogo chenye feni inayolia. Upande wa lodge alikuja meneja, mtu wa kampuni ya bima, na wakili kutoka Arusha aliyevaa viatu ambavyo vumbi la Karatu lilikuwa linaviogopa.

Wakili huyo alizungumza kwa upole. Alisema kila mtu anasikitika. Alisema marehemu hakuwa mwajiriwa, alikuwa kibarua wa kujitegemea aliyepaswa kujilinda mwenyewe. Alisema kuna taarifa za ulevi wa muda mrefu, ambazo hata mjane hazipingi. Kisha akafungua ukurasa mwingine. "Kwa lugha ya kiuchumi, mheshimiwa, marehemu alikuwa mzigo kwa familia yake kuliko tegemeo. Hasara ya wategemezi, kwa hiyo, ni ndogo."

Marsela alikuwa amesema maneno hayohayo maisha yake yote ya ndoa, na kwa lugha nzuri zaidi. Alikuwa ameyasema kwenye kisima, kanisani, na mara moja mbele ya mkuu wa wilaya aliyekuja kuzindua mradi. Sasa aliyasikia kwenye kinywa cha mtu aliyepigwa pasi, akasimama.

"Mheshimiwa, naomba niseme."

Hakimu akamruhusu.

"Kumsema Inosenti ni haki yangu," alisema, akimtazama yule wakili. "Nimeigharamia kwa miaka ishirini na miwili. Wewe umeipata wapi?"

Anifa alishusha macho kwenye jalada, akakunja midomo.

"Alikuwa mlevi, nimesema tangu msibani. Lakini mtoto wangu yuko chuo kwa mashimo yake. Nyumba yangu ina bati kwa mashimo yake. Mama yangu alipopooza, ni yeye aliyekuwa anambeba kumpeleka nje na kumrudisha, kwa sababu alisema yeye amezoea mambo ya choo na haoni kinyaa. Mwaka jana mgongo uliponishika, nilikuwa siwezi kuinama. Alikuwa ananikata kucha za miguu. Kila Jumapili, kwa wembe, ananiambia nitulie kama nakatwa mguu." Akamgeukia Anifa. "Hiyo iko kwenye madai?"

"Hapana, mama," Anifa alisema. "Sheria haina pa kuiweka."

"Basi sheria ichimbe."

Hakimu alikuwa mzee wa makamo asiye na haraka. Aliandika kitu, hakusema ni nini. Kisha Anifa akaweka mezani barua kumi na tisa, maelezo ya Sairowua yaliyosainiwa, na maelezo ya pili ambayo hata Marsela hakuyatarajia, ya dereva wa boza, ambaye alikuwa ameacha kazi kule mwezi uliopita na kuja mwenyewe ofisini kwa Anifa akisema hapati usingizi.

Mtu wa bima aliyasoma ya dereva mara mbili. Alimgusa wakili wa Arusha begani, wakatoka nje. Kupitia dirishani Marsela aliwaona chini ya mti wa mgrevilea, mtu wa bima akizungumza na wakili akitazama viatu vyake. Waliporudi, upole wa wakili ulikuwa umebadilika aina.

Mazungumzo yalichukua mpaka alasiri, na siku nyingine mbili baadaye. Anifa alishuka, wao wakapanda kidogo, Anifa akanyamaza kwa muda mrefu usiokuwa wa adabu, wakapanda tena. Haikuwa bilioni ya Raymond. Ilitosha watoto watatu kumaliza shule na Marsela kutokodisha watu tena kipande cha shamba lake ili apate ada. Anifa alimweleza kila mstari, akamwambia anaweza kukataa wakaenda kwenye kesi, wakashinda zaidi au wakapoteza, na kwamba uamuzi ni wake.

"Nakubali," Marsela alisema. "Lakini kuna jambo moja. Ile karatasi ya msibani inasema alilewa. Meneja aje Rhotia aseme mbele ya watu kwamba si kweli."

Wakili wa Arusha alipumua. "Mama, hilo halina thamani ya fedha."

"Ndiyo maana silitolei punguzo."

Basi likaandikwa kwenye makubaliano, kifungu cha saba.

Meneja alikuja kanisani Rhotia Jumapili, akiwa peke yake. Katekista alimpa nafasi katikati ya matangazo, yaani baada ya tangazo la mbuzi jike aliyepotea mwenye sikio moja na kabla ya zamu za usafi. Alisimama mbele na karatasi yake. Ile sauti ya juisi hakuja nayo. Alisoma kwamba marehemu Inosenti Amsi siku ya kifo chake hakuwa amelewa, kwamba alikuwa ameweka alama za usalama kama fundi makini, kwamba alama hizo ziliondolewa kwa amri ya uongozi, na kwamba uongozi unaomba radhi. Alipomaliza hakujua aende wapi. Watu nao hawakujua kama wapige makofi. Wawili watatu walianza, wakaona wako peke yao, wakaacha. Patrisi, safari hii bila koti, alikuwa anatazama dari. Shangazi Brigita alimwuliza jirani kwa sauti ya kanisa zima, "Amesema nini huyu?" na jirani akamjibu kwa sauti hiyohiyo, "Amesema Inosenti hakulewa." Brigita akaitikia kwa kichwa. "Siku hiyo," alisema.

Nje, meneja alimkuta Marsela akimngoja kando ya gari. Alidhani atatukanwa, na pengine alikuwa amejiandaa kwa hilo njiani.

"Chai ipo," Marsela alisema.

"Mama, sitaki kukusumbua."

"Umeshanisumbua. Njoo unywe chai."

Alimfuata hadi nyumbani kwa miguu, akiruka matope na viatu vyake vya ofisi. Aliketi kwenye benchi chini ya paa la bati. Marsela alimmiminia, akaweka na viazi vitamu vya kuchemsha, kwa kuwa mgeni ni mgeni hata akiwa huyu. Kuku walipita.

"Ningemwambia dereva azunguke kwa nyuma," meneja alisema mwishowe, akiitazama chai. "Ni dakika ishirini tu zaidi. Nafikiria hizo dakika kila siku."

"Ungemwambia," Marsela alisema.

Hakumwambia amemsamehe, maana alikuwa hajamsamehe, na hakuona sababu ya kusema uongo siku ambayo ukweli ulikuwa umesomwa kanisani. Alimsogezea sahani ya viazi. Meneja alichukua kimoja, akaanza kukimenya kwa kucha, na ganda likawa linakatika vipande vidogovidogo. Marsela alimtazama akihangaika nalo, kisha akanyoosha mkono, akakichukua kile kiazi, akakimenya yeye.